Kupe wa Polisi na Ndama wa Koko

Jumamosi iliyopita nilimfokea mume wangu mpaka jirani akapunguza redio asikie vizuri. Msichana wetu wa miaka mitano alikuwa ametoa kupe kwa sikio la mbwa wetu, kupe amevimba kama punje ya mahindi, akamletea baba yake kwa kiganja. Na huyo baba, bila hata kuinua macho kwa simu, akasema, "Rusha huko nyuma ya ukuta."

"Huko nyuma ya ukuta ni wapi?" nikamuuliza. "Ni baharini? Si ni kwa watu?"

Sikufichi kitu, mimi ni mtu wa hasira. Lakini nilipomaliza kufoka, nikiwa nimesimama hapo na kupe ndani ya kikombe cha maji ya sabuni, nilianza kucheka peke yangu. Kwa sababu mambo ya kurusha kupe kwa watu, mimi ndiye mwalimu.

Shosho, mama yake mama yangu, ndiye alinilea, hapa hapa Kitengela, wakati nyuma ya nyumba kulikuwa nyasi tupu na punda milia walikuja kula karibu na kamba ya nguo. Alikuwa amehama kutoka Murang'a na jembe lake na kichwa chake kigumu, akapanda mboga za sukuma mahali kila mtu alimwambia hakuna kitu itamea. Ikamea. Alikuwa na mbwa mmoja wa rangi ya vumbi, tukamwita Polisi kwa sababu alilala mchana kutwa na kuamka chakula kikiiva.

Jumamosi ilikuwa siku ya Polisi. Githeri, mahindi na maharagwe, ilitokota jikoni tangu asubuhi, na shosho alikaa nje juu ya gunia, mbwa amemlalia mapajani kama mtoto wa kunyolewa. Alianza na masikio, akaenda kwapani, akamaliza katikati ya vidole, mahali kupe hudhani hakuna mtu atamtafuta. Alitumia kile kikoleo chake cha kutolea miiba. Anamshika kupe karibu kabisa na ngozi, anavuta pole pole, moja kwa moja, bila kuzungusha. "Ukimkata kichwa kibaki ndani," alituambia, "umeacha mpangaji." Mtu akileta kiberiti amchome kupe, alifukuzwa hapo. Na kumpasua kwa kucha ilikuwa mwiko: "Hiyo damu unachezea, unajua imetoka kwa nani?"

Kila kupe aliingia kwa kopo lenye mafuta ya taa kidogo. Wakishakufa, kazi yangu ilikuwa kuwapeleka chooni na kuwamwaga kwa shimo. Choo chenyewe kilikuwa mbali, mwisho wa shamba, na mlangoni kulikuwa na nyigu waliojenga bila kuuliza mtu.

Sasa, kati yetu na jirani kulikuwa na ua wa miiba wenye mlango mdogo ambao sikuwahi kuuona umefungwa. Jirani alikuwa bibi wa Kimaasai. Sisi watoto tulimwita koko, yaani nyanya. Ukifika kwake unainamisha kichwa, anakugusa utosini, halafu unapewa chai iliyojaa maziwa na yenye harufu ya moshi ambayo mpaka leo nikinusa mahali, njaa inaniamka. Yeye na shosho walisalimiana juu ya miiba kila asubuhi. "Takwenya!" "Iko!" Halafu sukuma inaenda kule, maziwa yanakuja huku.

Nilikuwa nimeona kuku wa koko wakidonoa kupe kwa ng'ombe waliolala. Basi likizo moja ya Agosti nikapata akili. Mafuta ya taa yalininukia mikononi mpaka wakati wa kula, nyigu walinitisha, na kuku wana njaa. Nikawa nampa shosho kopo kavu, bila mafuta. Macho yake yalishaanza kufifia, hakujua. Akimaliza, nazunguka jikoni, nawarushia kuku wa koko kupe wazima wazima kupitia juu ya ua. Nilijiona nimesaidia watu wote.

Wiki ya mwisho ya likizo, koko alikuja bila maziwa. Alisimama mlangoni akasema, "Ndama yangu amekataa kunyonya." Kiangazi kilikuwa kimemmalizia ng'ombe, kikamwachia wachache, na huyo ndama jike ndiye alitegemea aanze naye upya. Alikuwa amelala chini, uvimbe chini ya sikio, na masikio yenyewe, koko alisema, yamejaa kupe.

Niliweka chini sahani yangu ya githeri. Shosho aliniangalia mara moja tu. Mtoto anayeacha githeri ni mgonjwa au ni mkosaji, na mimi paji lilikuwa baridi. Nikamwambia yote. Nilingoja kofi, heri lingekuja. Alichukua kopo, akamimina mafuta ya taa ndani yeye mwenyewe, akanishika kiwiko.

"Utasema kwa mdomo wako," akaniambia. "Huo huo wa kulia githeri."

Nilisema, nikilia, kamasi mpaka kidevuni. Koko aliangalia kopo, akaniangalia mimi. Halafu mabega yakaanza kumtikisika.

"Kumbe ni wewe? Na mimi nikadhani siku hizi kupe wananyesha!"

Alicheka mpaka shosho akacheka, nikabaki peke yangu na kilio changu. Lakini hakuniacha hivyo. "Kaa hapa. Shika sikio," akasema. Nikakaa kwa samadi, kichwa cha ndama mapajani, nikatoa kupe mmoja mmoja, bila kuzungusha, bila kuacha mpangaji. Pumzi ya ndama ilinichoma goti kwa joto.

Daktari wa mifugo alikuja kwa pikipiki akamdunga sindano. Aliposikia kesi yangu, akaanza, "Lakini koko, hawa kupe ng'ombe huwaokota kwa nyasi tu. Si lazima mtoto awe..."

"Wewe!" koko akamkatiza. "Mwache amalize sikio la pili kwanza."

Nilimaliza la pili. Nilirudi kesho yake, na kesho kutwa, nikimpa ndama maji kwa kiganja na kumwambia siri nyingi ili asife. Siku ya nne nilimkuta amesimama, miguu imetanuka kama meza mbovu, anamgonga mama yake chuchu kwa hasira. Koko aliniita nije niguswe kichwa. Tangu siku hiyo kupe wa Polisi walikufa kwa mafuta ya taa, na nyigu nikawapita mbio.

Leo pale kwa koko pamejengwa maghorofa. Ardhi ilikatwa ploti, ploti zikazungushwa kuta, kuta zikawekwa vipande vya chupa juu. Siku hizi nakaa miaka mitatu bila kujua sura ya mtu ambaye nasikia akikaanga vitunguu. Ukimkosea, utapitia wapi kwenda kusema?

Wana wa koko walipouza ardhi, alihama na ng'ombe kuelekea Kajiado, kwenye nyasi. Asubuhi ya kuondoka alipitia kwetu. Yule ndama, sasa mtamba mkubwa, alitembea mbele ya wengine. Tuliinamisha vichwa, akatugusa mmoja mmoja. Kwangu mkono ukakaa kidogo.

"Na wewe," akasema, "sasa utamrushia nani kupe?"

Sisi watoto tulicheka. Shosho hakucheka. Alisimama pale kwenye ule mlango wa miiba mpaka vumbi ya ng'ombe ikaisha kabisa, na siku hiyo githeri tulijipakulia wenyewe.