Jina la Mtu Anayeanguka

Naikumbuka, mwanangu, Jumapili moja ya kiangazi, wakati mji wetu ulikuwa bado unaitwa kwa jina la kikoloni, Élisabethville, nami nikiwa kijana wa sekondari mwenye haya, aliyeandika maneno mengi kuliko aliyoyasema. Siku hiyo nilikaribia kupata heshima kubwa kwa njia ya uongo. Nakusimulia kwa sababu nimesikia daktari amekuambia jina la ugonjwa wako, na tangu hapo unatembea ukitazama chini.

Mimi nina kifafa. Kilinishika nikiwa mtoto wa miaka kumi na miwili, na mvi hizi zimekikuta bado kipo. Zamani zile watu waliogopa hata povu la mgonjwa. Walisema likikugusa, nawe utaanguka. Kwa hiyo kila nilipoanguka, mama alinifunika kitenge chake na kuwaambia majirani wa kampi ya reli, "Ni malaria, imemupanda ku kichwa." Simlaumu. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Lakini ilikuwa malaria gani ile, mwanangu, isiyojua mvua wala kiangazi, wala kuogopa kwinini?

Jumapili hiyo tulikuwa tunamtoa mtoto nje. Dada yangu mkubwa, yaya Ngoie, alikuwa amejifungua mtoto wa pili, mvulana, na kitovu kilikuwa kimekauka na kuanguka. Kwetu Baluba wa kaskazini ya Katanga mtoto hapewi jina kwa sababu linapendeza masikioni. Hupewa jina la mtu, awe marehemu au awe hai, na kuanzia hapo wale wawili huitana "majina", yaani wenye jina moja. Majina wako ni wewe umezaliwa tena. Akioa, nawe unachezewa ngoma. Mtoto wa kwanza jina lake lilitoka upande wa mume. Kwa huyu wa pili ilikuwa zamu yetu, na yaya akataka aitwe Monga, jina langu.

Nilipoambiwa nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia. Uelewe vizuri: nilikwisha kusikia kwamba hakuna mzee wa kampi ile atakayenipa binti yake, na kazi ya mashine, ambayo vijana wote waliitamani, ilikuwa imekatazwa kwangu. Nilijiona kama njia inayoishia porini. Na sasa jina langu lingetembea kwa miguu ya mtu mwingine.

Watu wakakaa uani, chungu cha munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, kikiwa katikati. Muzee Kabulo, baba mkubwa wa shemeji yangu, ndiye aliyesemea ukoo wao. Akaweka kikombe chini.

"Monga ni jina muzuri," akasema. "Lakini jina iko sawa nguo. Inabakia na jasho ya mwenye kuivaa. Nasikia huyu kijana anaangukaka. Mama, tuambie: ni kifafa?"

Mama hakusita. "Hapana, muzee. Ni malaria tu."

"Malaria tu?"

"Malaria tu. Hata weye inakushikaka."

Watu wakacheka. Muzee Kabulo naye akatabasamu, akanyoosha mkono kukichukua kikombe chake. Mambo yangeishia hapo. Jina lilikuwa limekwisha pita. Mimi nilitakiwa kunyamaza tu, na kunyamaza ndiyo kazi niliyoijua kuliko zote. Lakini nilimtazama yule mtoto mikononi mwa yaya, nikawaza: huyu siku moja ataniona ninaanguka mbele yake, na atajua kwamba jina lake lilianza kwa uongo.

Nikasimama. Nilitetemeka mpaka mama akadhani ugonjwa umekuja, akashika kitenge tayari kunifunika.

"Muzee, ni kifafa," nikasema. "Mama ananipenda, njo maana anasema vile. Naanguka. Hata kesho naweza kuanguka. Kama munaogopa, mupe mutoto jina ingine. Lakini musimupe yangu bila kujua."

Mama akajifunika uso. Mkono wa muzee ukarudi mapajani.

"Basi, imeisha. Asante, kijana, umetuokoa. Mutafute jina ingine."

Mwanangu, wanaosema kwamba kweli haiumi hawajaisema mahali inapogharimu kitu. Nilikaa chini.

Ndipo akaongea nkambo, ndivyo tunavyomwita bibi, na babu pia: mama yake Muzee Kabulo, ambaye tangu asubuhi alikuwa ameketi kwenye mkeka.

"We Kabulo, nani alikupa jina?"

"Ni weye, mama."

"Nilikupa jina ya nani?"

"Ya nkambo Kabulo."

"Na nkambo Kabulo alikufa na nini?"

Mzee akakohoa. "Mamba. Alikulwa na mamba, kule Lualaba."

"Na weye, mamba imekukula mukono gani?"

Ua mzima ulicheka. Shemeji yangu alijipigapiga mapaja, na hata mama akafunua uso.

"Mama, mamba hapana ugonjwa..."

"Nyamaza, sijamaliza! Nilikupa ile jina kwa sababu nkambo aliingia mu maji kuokoa mutoto wa mwenzake. Jina tunaachia batoto juu ya moyo ya muntu, hapana juu ya kifo yake. Huyu kijana alikuwa anaweza kunyamaza, na jina ibakie yake. Amesema kweli akijua itamunyanganya. Unatafuta moyo gani ingine? Ngoie, leta mutoto."

Yaya akamleta. Nkambo akanigeukia. "Weye, kaa huku ku mukeka. Ukianguka naye, asiumie."

Hakunidanganya kwamba sitaanguka, wala hakuninyima mtoto. Nikakaa, akaniwekea Monga mdogo mapajani, na watu wakatuita wote wawili kwa sauti moja. Muzee Kabulo aliondoka bila kumaliza kikombe chake. Na aende.

Nilianguka tena, kanisani, mbele za watu. Walinieleza baadaye kwamba mama hakunifunika. Alinilaza ubavu akasema, "Ni kifafa. Mumuachie hewa." Nilikuja kuwa mwalimu, na kila darasa jipya nililiambia mapema: mwalimu wenu huanguka; mnilaze ubavu, msinitie kijiko mdomoni, mningoje. Wakaningoja. Mke nilimpata pia, naye nilimwambia kabla ya posa.

Mwanangu, mficha maradhi kilio humfichua. Utaje ugonjwa wako kwa jina lake, kwa wale unaokula nao na kufanya nao kazi. Wengine watarudisha mkono, waache waende. Dawa unywe, kazi ufanye, na usingoje kupona ndipo uanze kuwa mtu. Mimi sikupona, na katika mji huu wapo watoto wanaobeba jina langu, mama zao wakijua wazi ni jina la nani.

Mungu akulinde unaposimama, na siku ya kuanguka akulaze mahali laini. Akupe umri, akupe kazi ya mikono yako, na mama mmoja, hata mmoja tu, aje mlangoni kwako na mtoto mgongoni kukuomba jina.