Kimya cha Mwanahalima

Miburani nzima iliujua ulimi wa Mwanahalima binti Matano, na wengi waliuchukia. Mwanamke gani huyo, walisema, anayemwambia mwanamume usoni kuwa ni mwongo? Hakuna aliyeuliza kama mwanamume mwenyewe alikuwa mwongo kweli.

Walisahau kwamba aliwahi kunyamaza. Alipovunja ungo tu, baba yake alimwoza kwa nahodha mmoja wa Bweni. Mwalimu wa kufungisha ndoa alipokuja mlangoni kumuuliza kama ameridhia, alikaa kimya kama alivyofundwa, na moyoni anatamani kupiga ukelele. Mwari akinyamaza amekubali, wakasema, wakasoma fatiha. Nahodha alimpiga miaka na miaka mpaka akachoka mwenyewe, akampa talaka. Mwanahalima akarudi Miburani na mapengo mawili mdomoni. Tangu hapo alisuka mikeka, akala jasho lake, na hakumnyamazia mtu.

Zama hizo za Mdachi baba alikuwa keshakufa, na walii wake, mwenye mamlaka ya kumwoza, ni kaka yake, Shamte. Shamte aliumezea mate usimamizi wa shamba la minazi la Azizi bin Hamdu, Mwarabu tajiri mwenye asili ya Kimanga. Azizi alitaka mke, maana wawili walishamkimbia kwa kipigo. Wakapatana barazani, dada kwa shamba, wakaagana wakicheka.

"Simtaki," Mwanahalima alisema.

"Mwanamke hana simtaki," Shamte alijibu. "Siku ya ndoa watu wakija mlangoni, sitaki kuisikia sauti yako. Ukifumbua mdomo nitayang'oa hayo meno yaliyobaki."

"Tusitiri, mwanangu," shangazi yao, Mwanamkuu, alisihi. "Nyamaza siku moja tu."

Mwanahalima alimtazama kaka yake kwa chuki isiyojificha. "Haya," alisema. "Nitanyamaza."

Wakafurahi, wapumbavu wale. Siku ikafika, mbuzi wakachinjwa, baraza likajaa kanzu. Mwalimu Hemedi akasimama nje ya pazia na mashahidi wawili.

"Mwanahalima binti Matano, umeridhia nikuozeshe kwa Azizi bin Hamdu?"

Kimya. Akauliza tena. Kimya.

"Karidhia, mwalimu," shangazi alidakia. "Anaona haya."

"Sikukuuliza wewe, mama."

"Si kanyamaza?" Shamte alisema. "Akinyamaza kakubali. Twende tukafunge, watu wanangoja."

"Hiyo ni kwa mwari. Huyu keshaolewa akaachwa. Mtalaka husema kwa kinywa chake. Asiposema, mimi siozeshi."

Shamte akalivuta pazia. "Sema umeridhia," alimkoromea. "Sema, nitakuua."

Mwanahalima alikaa kwenye mkeka wake, midomo ameibana, macho yamemkazia kaka yake. Miaka yote hakuwahi kuonja raha kama ile.

"Na kwa vitisho ndoa haisihi," mwalimu alisema, akaenda kuvaa viatu vyake.

Azizi aliondoka bila kugusa chakula. Alimwambia Shamte mbele ya watu kwamba mtu asiyemweza dada yake hataweza minazi.

Shamte akarudi chumbani. "Kutwa unabwata, leo umekuwa bubu. Kwa nini hukusema?"

"Si uliniambia ninyamaze?"

Shamte akaizoa mikeka yote ya dada yake, akaitupa nje, akamwambia asikanyage tena pale. Mwanahalima aliikusanya, akaitwika kichwani, akapita katikati ya wageni wenye njaa. Wakampisha njia, na hakuna aliyethubutu kumwita mke wa mtu.