Maji Yasiyoonjwa

Mume wangu huwaambia wageni kwamba siku nikifika dukani hapa Kitahana, mwenye duka hunipa pole ya safari. Hajakosea sana. Napenda nyumba yangu na kigoda changu, na barabara ya kwenda Kasulu naijua zaidi kwa vumbi lake linaloingia dirishani. Hata kabla ya vita nilikuwa hivyo. Kaka yangu Zakaria aliniita Figa. Alisema jiko letu lina mafiga matatu ya mawe na la nne ni mimi.

Siku vita vilipotufikia nilikuwa namenya mihogo, kilimani kwetu Burundi. Kilikuwa kiangazi. Wazazi walikuwa wamekwisha kutangulia kwa maradhi, tumebaki wawili. Zakaria alijilaza mkekani akiikagua kazi yangu kama bwana shamba.

"Figa, ukiolewa itabidi bwana harusi ahamie jikoni."

"Wewe kwanza tafuta atakayekubali kuolewa na mkeka."

Hatukumaliza. Watu wenye bunduki walikuwa wanapanda kilima, nao walivaa gambuti, zile nyeusi za mpira. Majirani walikimbia na watoto, wengine na magodoro. Mimi nilikimbia na beseni la mihogo, nusu imemenywa.

Tulivuka mto pamoja na wengi. Ng'ambo, upande wa Kibondo, Tanzania, risasi zilitufuata hadi ukingoni, watu wakatawanyika. Mimi na Zakaria tukajikuta peke yetu katika pori la miombo. Mimi niliyejua njia moja maishani, ya kitandani hadi jikoni, sasa nilitakiwa nichague upande. Miti yote ilifanana. Tulitembea sana, tukitafuna mihogo mibichi, mpaka tukakuta maganda ya mihogo chini ya mti.

Yalikuwa yetu.

"Figa," Zakaria akasema, "umeturudisha jikoni."

Ndipo tulipomwona mtu ameketi upande wa pili wa mti ule, kidumu cha maji magotini. Alijitaja kuwa Melkiori, mkulima, wa kilima cha mbele ya kwetu. Miguuni alikuwa na gambuti.

"Gambuti nzuri," Zakaria akamwambia.

"Zinabana."

Kilimani kwetu kila mkulima niliyemjua alikimbia peku.

Lakini maji alikuwa nayo yeye. Tukafuatana. Zakaria hakukubali mtu yule atembee nyuma yetu, na Melkiori naye hakutaka sisi tuwe nyuma yake. Basi tulitembea sambamba, watatu, kama waumini wanaotoka kanisani, mahali ambapo hata mbuzi wangepanga mstari.

Kwetu humpi mtu kinywaji kabla ya kukionja mwenyewe mbele ya macho yake. Tunaita kusogongera. Anayepewa kikombe kisichoonjwa hujua anapewa sumu. Melkiori alionja kila mara, kidogo, kisha akatupa. Zakaria alimtazama kooni.

"Fungua mdomo."

Melkiori alifungua. Kaka alichungulia kama daktari wa meno, akaridhika, akanywa. Mimi niliona aibu, lakini nilichungulia pia.

Jua likazidi. Kidumu kikawa chepesi. Tulipokaa tena, midomo ya Melkiori ilikuwa imepasuka. Alikitikisa kidumu sikioni, akamimina maji yote kwenye beseni langu, akalisukuma kwetu. Kisha akageukia upande mwingine.

Hakuonja.

"Onja," Zakaria akasema.

"Kunyweni."

"Onja kwanza, bwana."

"Leo sifungui mdomo. Kunyweni."

Zakaria alilisogeza beseni kando kwa mguu, polepole, lisimwagike. Chini, bondeni, kulikuwa na mstari wa miti mibichi, na yeye aliamini penye ubichi pana maji. Alininong'oneza nisiguse kitu mpaka arudi. Akaniangalia, akatabasamu.

"Figa, kaa hapo hapo. Kazi hiyo unaiweza."

Akashuka.

Nilibaki na beseni na mwenye gambuti. Nitasema ukweli: nilikunywa. Sikunywa kwa kumwamini. Nilikunywa kwa sababu ya kiu, na mimi si shujaa. Nusu nilimwachia kaka. Kisha nikashika tumbo, nikangoja linikate.

Halikukata.

Kukatoka mlio wa bunduki bondeni. Kisha mwingine.

Nikafungua kinywa nimwite Zakaria. Mkono wa Melkiori ukanifunika mdomo.

"Usiite."

Tulilala kifudifudi. Nilisikia watu wanaongea, kwa mbali, bila haraka. Mmoja alicheka.

Kisha kimya.

Kisha ndege.

Nilipoinuka, nusu ya maji ilikuwa pale pale. Melkiori alikuwa karibu nayo kuliko mimi, ulimi umemkauka, na hakuigusa. "Ya kaka yako," akasema. Tukangoja. Kivuli cha mti kilihama kikatuacha juani, hakuna aliyepanda kutoka bondeni.

Nikalichukua beseni. Nikaonja kidogo mbele ya macho yake, nikampa.

Akanywa.

Baadaye tuliona mzinga wa nyuki umetundikwa mtini, mbele yake mwingine. Melkiori alisema mzinga una mwenyewe, na mwenyewe ana njia ya kurudi kwake. Tulifuata mizinga mpaka tukamkuta mrina asali, Muha, mwenyeji wa huku, aliyetupeleka kijijini. Nilimwelekeza lile bonde la miti mibichi. Alisema analijua. Hukauka kila kiangazi. Vijana wa kijiji walipokwenda kumtafuta kaka hawakumpata, wala kaburi.

Nilisomea sekondari katika kambi ya wakimbizi, nikaolewa hapa na Muha, nikarudi kwenye cheo changu cha figa. Melkiori analima maharage Gwarama. Kila baada ya mavuno hutuletea gunia dogo. Namtilia maji, naonja, nampa.

"Nifungue mdomo?" huuliza. Mume wangu hucheka kuliko sisi.

Mwaka mmoja nilimuuliza kwa nini siku ile hakuonja. Alizungusha kikombe mkononi.

"Maji yalikuwa ya watu wawili, dada. Ningeonja, koo lisingekubali kuishia hapo. Nilijiogopa."

"Ungemwambia Zakaria."

"Angeniamini?"

Nilimfikiria kaka yangu akichungulia meno ya mtu katikati ya pori.

Hadi leo sijamuuliza zile gambuti alizitoa wapi. Mara nyingine, akiwa ameketi mlangoni pangu, naitazama miguu yake, ambayo siku hizi ina ndala, halafu namwongezea maji. Naonja kwanza. Yeye naye hunitazama kooni.