Shangazi Alipompandisha Mhasibu Lori la Taka

Shangazi yangu amekuwa mpakizi wa lori la taka la baraza la mji kwa miaka kumi na moja. Mtaani wanamwita Kamanda. Ni mfupi, sauti yake hutangulia lori kabla halijakata kona, na gunia linalowatoa jasho wanaume wawili yeye hulipiga goti moja tu, likapaa.

Mwaka ule baraza liliishiwa. Tangazo likabandikwa kwenye lango la karakana: lori lililokuwa likipita mara tatu kwa wiki lingepita mara moja, na wapakizi wanne kati ya wanane wangeachishwa kazi mwisho wa mwezi. Wenzake walilalama, wengine wakaanza kuulizia vibarua. Shangazi alirudi nyumbani na swali.

"Mwanangu," akaniuliza, "lori linalochuruzika maji njia nzima limebeba nini?"

"Taka."

"Limebeba maganda! Zaidi ya nusu ya tunachopakia ni maganda na makombo yaliyolowa. Tunachoma dizeli kupeleka maji jalalani."

Akaanza na mtaa wetu, nyumba ishirini na mbili. Maganda yangeenda kuoza kuwa mboji kwenye shimo nyuma ya shule ninayofundisha. Plastiki, maboksi na makopo yangeuzwa kwa mnunuzi wa chakavu. Lori lingechukua kilichobaki tu. Kila alipotoka kazini alipita mlango kwa mlango, sare ikiwa bado mwilini. Fundi cherehani wa mwisho wa mtaa akamjia juu.

"Kamanda, nilipe ushuru wa taka, halafu nizichambue mwenyewe? Kazi yako unanitwisha mimi?"

"Dada yangu, lori lisipopita zitalala mlangoni kwako. Nipe wiki tatu. Nikikudanganya, njoo uzimwage kwangu, nitazizoa bila neno."

Wiki ya kwanza fundi alichanganya kila kitu, makusudi kabisa. Shangazi akaketi kibarazani kwa fundi, akachambua gunia zima huku akimpigia soga kama mgeni aliyekuja kusalimia. Gunia la pili lilikuja limechambuliwa, tena limefungwa kwa utepe wa kitambaa.

Wiki ya tatu akanituma nimwandikie mhasibu wa mji. Barua ilikuwa fupi: njoo asubuhi moja, panda lori, uje na kalamu. Nilidhani itaishia kwenye kapu. Mhasibu akaja, viatu vikimeta.

"Bosi," dereva akamwambia, "hivyo viatu viage kabisa."

Walipita kwanza mtaa wa jirani, wenye nyumba idadi sawa na zetu. Yalitoka magunia arobaini na matatu. Kwetu yalitoka tisa. Mhasibu akahesabu tena.

"Mengine mmeyaficha wapi?"

"Shuka ukanuse," Shangazi akamjibu.

Akashuka. Akachungulia shimo la mboji, akakagua marundo ya maboksi yaliyofungwa kwa kamba, akauliza mnunuzi analipa kiasi gani kwa kilo. Aliandika mpaka wapakizi wakachoka kumsubiri.

Mwezi haujaisha, Shangazi akaitwa mbele ya kikao cha baraza. Nilikaa nyuma. Diwani mmoja akamuuliza, si kwa heshima sana, "Mama, haya mambo umeyasomea wapi?"

"Nyuma ya lori, mheshimiwa. Miaka kumi na moja, na sijakosa darasa hata siku moja."

Ukumbi ukaangua kicheko, kisha ukapiga makofi. Mhasibu akasimama na daftari lake, akasoma hesabu za ile asubuhi, na hakuna aliyembishia.

Hatukupata yote. Ile mara ya tatu kwa wiki haikurudi. Lakini mitaa yote ilianza kuchambua, lori likapita mara mbili, na wale wanne wakabaki kazini, wakipewa mkokoteni wa kukusanya vya kuuzwa, na mauzo hayo yakachangia mishahara yao. Shangazi akafanywa msimamizi wao.

Wiki iliyopita nilipita karakana nikakuta wapakizi kutoka mji mwingine wamemzunguka, watu wazima wenye glavu mkononi, wakimsikiliza. Mmoja akaniuliza kama namfahamu yule mama.

"Huyo ni shangazi yangu," nikasema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.