Msalaba wa Shaba Uliovuka

Kaka yangu mkubwa, ambaye kwetu tunamwita yaya, alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha shaba hapa Likasi, kwa hiyo huwezi kumwambia kitu juu ya mawe. Mimi nafundisha kemia shule ya sekondari. Haikunisaidia hata kidogo.

Jumapili moja baada ya misa alifika kwa mama kuomba msalaba. Alikuwa amekutana na mtu wa Kambove anayegeuza shaba kuwa dhahabu. Msalaba wenyewe ni wa shaba, wa kale, mababu waliyeyusha shaba wakaumimina kwa mikono yao. Msichana wetu akiposwa, unawekwa kwenye mkeka mbele ya wakwe, wazee wanaugusa, kisha unarudi sandukuni kumngoja mwingine. Na binti ya yaya mwenyewe alikuwa anaposwa Jumamosi ile!

"Hii neno iko mu vitabu," akaniambia. "Transmutation. Weye mwalimu, sema kama haiko."

Hapo nilikosea: nilifurahi kuulizwa. Nikamweleza kwamba neno ni la Kifaransa, na Kifaransa kililitoa kwenye Kilatini: trans, ng'ambo, mutare, kubadilisha. Kitu kivuke kabisa, kiwe kingine. Watu wa zamani walichemsha madini ya kila namna wakitafuta dhahabu, wakazeeka mikono mitupu. Siku hizi ni neno la wataalamu wa kiini cha atomu, wenye mashine kubwa kuliko nyumba, si la mtu mwenye makaa na mfuko wa unga.

"Basi iko," yaya akasema.

"Yaya, sikiliza mpaka mwisho."

"Miye nilikuwa naingiza majiwe ya kijani, inatokaka mukuba mwekundu. Miaka yote ile. Na weye unasema haiwezekani?"

Nikamwambia huo mukuba, yaani shaba, ulikuwa ndani ya jiwe tangu mwanzo. Kiwanda kiliutoa tu, hakikugeuza kitu. Akanitazama kwa huruma, mimi nisiyewahi kuvaa viatu vya kazi. Heri kumpigia mbuzi gitaa, mbuzi angalau habishi.

Mama akanivuta jikoni. "Beba ile musalaba, ikae kwako mpaka samedi, siku ya posa." Nikamwambia auache tu, yaya ataelewa, kesho nitamletea kitabu chenye michoro. Kitabu, jamani. Mpaka leo nikikumbuka najichukia.

Kabla sijaleta kitabu yaya alikuwa ameshauchukua msalaba, na Alhamisi alirudi na donge la njano ndani ya gazeti. Sikuhitaji hata kuligusa. Yule mtu alitia zinki, na shaba ikichanganywa na zinki inakuwa ya njano, ile ile ya kutengenezea mabomba ya maji. Nilimwambia hivyo, neno kwa neno. Akakaa, akavua kofia. Sikumwonea huruma, nilikuwa na hasira mpaka meno yaliniuma.

Jumamosi wakwe walifika. Tukatandika mkeka, na mama, kwa kuwa hakuwa na kingine, akaliweka lile donge katikati. Binti alikuwa amekaa pembeni na kitambaa chake kipya, macho chini. Mzee wa upande wa pili akaligusa, akaligeuza, akauliza hiki ni kitu gani.

Mama akanigeukia mimi.

"Mueleze," akasema. "Weye ndiye unajuaka neno yake."