Turbo niliyoifunga Segese miaka ya themanini, na siku nilipomsalimia baba mkwe bila kuzima gari

Wakuu wa jukwaa la magari, habari za mihangaiko.

Mimi humu ni mzee kidogo. Huwa nasoma tu na kucheka kimya kimya mnapogombana kuhusu oili. Leo nimeona kijana anauliza kama anaweza kufunga turbo kwenye kigari chake cha cc 1200, usingizi wangu wa mchana ukaishia hapo.

Nitakayoandika yamenipata mwenyewe na sijaongeza chumvi. Shahidi yupo hapa sebuleni anachambua mchele, nikidanganya atanisuta.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa bwana pamba Segese, kazi yangu kukagua mashamba na kugombana na watu wasiotaka kung'oa na kuchoma masalia ya pamba. Nilikuwa na kigari cha Kijapani cha milango miwili, rangi ya maziwa, nilichouziwa na mwalimu aliyehamishwa. Segese nzima magari ya watu binafsi yalikuwa matatu, na moja kati ya hayo lilikuwa juu ya mawe.

Sasa sikilizeni shida yangu ilipoanzia.

Mtoto wetu wa kwanza, Pendo, alizaliwa kwa upasuaji Shinyanga mjini. Siku tunaruhusiwa, daktari alinivuta pembeni akaniambia, "Mtoto wa pili usimjaribishie nyumbani wala zahanati. Uchungu ukianza mlete hapa hapa, na usichelewe."

Hilo neno "usichelewe" lilinikaa kichwani miaka mitatu. Mke wangu alipopata mimba ya pili, likawa linaniamsha.

Maana kutoka Segese mpaka Shinyanga unapita Kahama, unapita Isaka, ndipo uingie mjini. Lami hakuna. Ni vumbi, mchanga na makorongo. Kigari changu kikibeba watu wawili na mizigo, kwenye mchanga kinalia kama mbuzi. Basi la abiria lilikuwepo, likija linakuja, lisipokuja hakuna wa kumuuliza.

Hapo ndipo akaingia Yusufu.

Yusufu alikuwa rafiki yangu, mfanyabiashara wa Kahama, babu yake alitoka pwani akabaki huku. Mtu wa maneno matamu. Alikuwa ameokota kwa mzungu mmoja fundi wa mgodi wa Mwadui, aliyekuwa anarudi kwao, boksi lenye turbo na vifaa vyake vyote: manifold yake, yaani chuma kinachokusanya moshi kutoka kwenye injini, mabomba, mipira ya oili, gasketi. Mzungu alitaka kuifunga kwenye kigari chake kidogo, hakuwahi.

Kwa wasiojua, turbo ni kifeni. Moshi wa ekzosi unakizungusha kwa kasi ya ajabu, nacho kinasukumia injini hewa nyingi kuliko inayoweza kuvuta yenyewe. Injini ndogo inapata nguvu ya injini kubwa.

Yusufu akaniambia, "Kaka, na hiki kitu Shinyanga utaiona kama ipo hapo Bulyanhulu." Nikampa redio yangu, nikabeba boksi.

Nikiri jambo moja. Nilijiambia ni kwa ajili ya Mama Pendo. Lakini kidogo, kidogo tu, nilitaka pia kuwapita wale wa landrova za serikali. (Shahidi amesoma hapa, amesema si kidogo.)

Tulifunga mimi na Yusufu, wikendi mbili mfululizo. Maelekezo yalikuwa ya lugha ambayo hatukuijua, tukafuata picha.

Kosa la kwanza lilitokea siku ya kwanza. Nati za manifold ya zamani zilikuwa zimeshikana kwa kutu. Yusufu akagonga, nikagonga, chuma kikapasuka vipande viwili. Yaani hata turbo ikikataa, hatukuwa na cha kurudishia. Nilikaa chini nikatoka jasho na jua lilikuwa bado halijapanda.

Tulipowasha mara ya kwanza gari lilitoa mluzi halafu likawa zito kuliko zamani. Tukatafuta siku nzima. Kumbe bomba la hewa lilikuwa linavujia kwenye maungio. Tukalifunga kwa nyororo, zile kamba za mpira wa tairi la baiskeli, tukalikaza mpaka vidole vikauma.

Wakuu, likaondoka!

Mchanga wa kutokea Segese, uliokuwa unanikalisha, niliupita kama si mimi. Nikacheka peke yangu barabarani. Nikasema sasa daktari aniulize.

Furaha ilidumu kama wiki mbili. Halafu moshi wa bluu ukaanza.

Moshi wa bluu maana yake gari linachoma oili. Tukabadilisha plagi, wapi. Yusufu akasema ringi za pistoni zimekwisha, mimi nikasema hapana, nguvu bado ipo. Tukafungua bomba linalorudisha oili kutoka kwenye turbo, tukakuta limeziba kwa kitu cheusi kigumu, ukoko mtupu, kama ule wa ugali ulioungulia chini ya sufuria.

Tukakwangua, tukafunga, moshi ukaisha. Baada ya siku saba ukarudi. Tukafungua, ukoko ule ule.

Mimba ilikuwa mwezi wa nane. Mama Pendo alikuwa anakaa kizingitini na tumbo lake ananitazama nikiwa chini ya boneti. Siku moja akaniuliza taratibu tu, "Baba Pendo, hivi hiki kitu kitatufikisha?"

Nikamwambia kitatufikisha. Nilidanganya.

Mpango wetu ulikuwa aende Shinyanga wiki mbili kabla ya kujifungua, akae kwa dada yangu. Kwa hiyo nilijipa moyo kwamba gari linahitaji safari moja tu, tena ya taratibu.

Aliyenifumbua macho ni Mzee Luhende. Huyu alikuwa dereva wa mitambo mikubwa mgodini Mwadui, amekuja likizo kwa mdogo wake. Nilimkuta amekaa kwenye benchi la mgahawa anakunywa chai. Nilikuwa natoka Kahama, nimekimbiza kweli kweli. Nikasimama mbele yake, nikazima gari, nikashuka, nikamwamkia.

"Marahaba, kijana. Sasa mbona umeizima ingali inahema?"

Sikumwelewa. Akaniuliza njiani nimesimama mara ngapi. Nikahesabu: kumi na moja. Na mara zote nilizima? Ndiyo, mara zote nilizima.

Vijana wa siku hizi lazima niwaeleze hapa. Kwetu Usukumani mtu mzima hasalimiwi huku mashine inanguruma. Utazima, utashuka, utainama kidogo, ataulizwa ng'ombe, ataulizwa watoto, mvua na shamba. Bwana pamba asiyezima gari ni bwana pamba mwenye dharau, na pamba yao hutaikagua. Halafu petroli ilikuwa ya kibali, kwa hiyo gari likisimama tu, mkono wenyewe unaenda kwenye ufunguo.

Mzee Luhende akanieleza, "Hicho kifeni ukizima kinaendelea kuzunguka, kina moto, na oili imeshasimama. Hiyo oili inaungulia humo humo. Sisi mgodini huzimi mtambo mpaka uungurume polepole muda wa kuvuta sigara moja. Ukizima haraka, msimamizi anakufukuza."

Tukaacha ipoe, akafungua boneti, akachomoa bomba la hewa, akakishika kifeni kwa vidole, akakitikisa. Kikacheza.

"Beringi imeshaumia. Ukiitunza itakupeleka. Ila ukiizima tena ikiwa moto, inaweza kukamata, isizunguke tena, na ikikamata hufiki popote."

Yaani wakuu, turbo yangu nilikuwa naiua kwa adabu. Salamu kumi na moja kwa safari moja!

Tukasafisha bomba mara ya tatu. Nikaapa sitaigusa mpaka siku ya safari.

Siku nne baadaye, saa tatu asubuhi, Mama Pendo aliniita kutoka jikoni kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Uchungu ulikuwa umeanza, wiki tatu kabla ya tarehe ya kujifungua.

Sikumbuki nilivyofunga mlango. Pendo tulimwacha kwa jirani. Nilitandika godoro dogo kiti cha nyuma, nikamlaza, nikamfunika kitenge, nikaweka galoni ya oili mbele. Nikawasha, nikasema moyoni: halizimwi hili mpaka Shinyanga.

Mpaka Kahama tulikwenda vizuri. Watu walinipungia mkono, wengine wakanyoosha mkono nisimame tuongee. Niliwapita wote. Niliona mmoja ametema mate. Nyuma yangu mke wangu alikuwa anauma pindo la kitenge asipige kelele.

Kutoka Kahama moshi wa bluu ukaonekana kwenye kioo. Mwembamba kwanza, halafu ukanenepa. Nikaanza kuongea na gari. Nililiita baba, nililiita ndugu yangu.

Tukafika Isaka.

Pale reli inapokatiza barabara, treni ya mizigo ilikuwa inapanga mabehewa. Yanakwenda mbele, yanarudi nyuma, yameziba njia. Nikasimama, gari linaunguruma.

Na nani alikuwa kando ya reli na baiskeli yake? Mzee Maganga, baba yake Mama Pendo. Baba mkwe wangu mwenyewe! Anaishi Isaka, na nilisahau kabisa kama anaweza kuwa barabarani.

Akaliona gari. Akaanza kuja.

Mke wangu alikuwa ameisikia kengele ya baiskeli, akainua kichwa kidogo, akaona. Akajifunika kitenge mpaka usoni. Akaninong'oneza, "Usimwambie nipo. Baba asinione hivi. Nakuomba."

Fikirieni hapo. Nikizima nishuke nimsalimie mkwe inavyotakiwa, turbo ikikamata tunabaki relini. Nikimweleza kwa nini sizimi, namvunjia mke wangu heshima aliyoniomba. Nilikuwa na kama nusu dakika ya kuamua.

Mzee akafika dirishani. Akasimama akisubiri nizime.

"Shikamoo baba," nikasema nikiwa nimekaa, mikono kwenye usukani, injini inanguruma.

Hakujibu.

"Zima kwanza," akasema.

"Siwezi, baba."

Alinitazama. Si kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma, alinitazama kama anayejaribu kukumbuka aliwahi kunipa binti yake kwa sababu gani. Nyuma yangu nilisikia pumzi imebanwa. Sijui kama na yeye aliisikia.

Behewa la mwisho likapita. Nikatia gia nikaondoka. Kwenye kioo nilimwona amesimama na baiskeli yake ndani ya moshi wangu wa bluu, marahaba bado iko kinywani mwake.

Nililia, wakuu. Nilikuwa mtu mzima na nililia mpaka Tinde.

Tuliongeza oili mara moja, injini ikiwa inaunguruma, nikaungua mkono. Alama ipo mpaka leo. Kwenye saa nane mchana tuliingia uwanja wa hospitali. Wauguzi wakamchukua mbio, nami nikawafuata mbio.

Nilikaa kwenye benchi, sijui muda gani. Mlinzi akaja akauliza gari jeupe linalotoa moshi ni la nani. Nikaruka, nikasema nakuja kulizima. Akasema, "Usihangaike. Limeshazimika lenyewe, limeishiwa mafuta."

Na hapo hapo mlango ukafunguliwa nikaambiwa ni mtoto wa kiume, na mama yake mzima. Daktari akasema nusu saa nyingine angekuwa ananiambia maneno mengine.

Siku ya tatu, Mzee Maganga alishuka kwenye treni kutoka Isaka. Habari zilikuwa zimemfikia kwamba binti yake amejifungua Shinyanga, basi. Alipotokea kwenye baraza nilisimama.

"Shikamoo baba."

Akanipita kimya, akaingia wodini.

Nikabaki pale na hofu mpya. Nilijua amekuja kumchukua binti yake.

Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka alikuwa ameshika kofia mkononi. Akasimama mbele yangu, karibu kabisa.

"Marahaba," akasema.



"Hiyo ni ya pale relini. Sasa niamkie ya leo."

Nikamwamkia tena. Akaitikia tena. Tukakaa kwenye benchi, akaniuliza habari za gari kama mtu anayemuuliza mwenzake habari za mgonjwa.

Turbo yenyewe haikufanya kazi tena vizuri. Kwa kweli niliishia kuitoa, Yusufu akanitafutia manifold nyingine huko alikokujua yeye. Mzee Maganga aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila nilipofika kwake alikuwa anatoka nje na kuniinulia mkono: "Acha kwanza ipumue." Gari lilikuwa halina hata turbo.

Kwa hiyo kijana uliyeuliza, jibu langu: funga ukitaka, ila kagua bomba la kurudisha oili, usivunje manifold ya zamani, na ukisimama acha iungurume kidogo ndipo uzime.

Na wengine wote, mtu akikusalimia bila kuzima gari, kabla hujanuna chungulia kiti cha nyuma.

Yule mtoto sasa ana miaka zaidi ya arobaini. Ana gari la dizeli lenye turbo. Akifika hapa anazima papo hapo, anashuka, anatuamkia vizuri kabisa, nami badala ya kuitikia namgombeza.

Haya, mafundi na wakosoaji, uwanja ni wenu. Ila aliyewahi kunyimwa marahaba na mkwe aanze yeye.