Isale la Karatasi

Sophia Abasi alikuwa na tabia ya kunusa karatasi kabla ya kuinunua. Wenye maduka ya vifaa vya shule mjini Moshi walimzoea, wakamwacha afungue bunda na kuingiza pua. Alisema karatasi iliyoloweshwa na mvua ikiwa njiani haisahau, hata ikikauka ikanyooka. Ukiikunja, hupasuka mgongoni.

Alizaliwa mtaa wa Bondeni. Baba yake alikuwa fundi kanzu, na ukoo wa mama yake ulifika Moshi ukitokea Pangani zamani za misafara. Nyumba ya jirani alikaa Dhanbai, mama wa Kihindu ambaye kila Diwali alining'iniza mlangoni mikufu ya karatasi iliyokatwa maua na ndege. Mwanawe Kishor hakuwa na subira ya mkasi. Sophia alikuwa nayo, basi Dhanbai akamfundisha yeye: kukata bila kuinua mkono, kukwaruza karatasi kwa mgongo wa kisu ili ikunjike inapotakiwa, kupika gundi ya unga wa ngano isiyovundisha kazi. Kishor alipokua alifungua studio ya picha karibu na stendi, na urafiki wa nyumba mbili ukaendelea huko.

Uhuru ulipokuja, Sophia alikuwa msichana. Alikata bendera ndogo ndogo zikatandazwa juu ya mtaa mzima kwa kamba. Kesho yake mvua ilinyesha, na rangi ya kijani ikashuka mferejini. Alisimama kibarazani akaitazama ikienda.

Tangu siku hiyo ndivyo kazi zake zote zilivyoishia. Alitengeneza maua ya harusi, matao ya Maulidi, simba wa kuigiza kwa watoto wa shule, mataji ya mabibi harusi Wakristo na Waislamu. Watu walishangaa, walisifu, na asubuhi yake ufagio ulipita. Mumewe Mussa, fundi wa reli, alikuwa mtu wa utani. Aliwaambia wageni kwamba mkewe anatengeneza takataka nzuri kuliko zote mkoani. Sophia alicheka pamoja nao. Lakini umri ulipokaribia thelathini, kicheko hicho kilianza kumchosha. Alitaka jambo moja tu, kazi moja ya mikono yake ibaki.

Nafasi hiyo ililetwa na kampeni ya kisomo. Miaka ile ya sabini mwanzoni, nchi nzima ilikuwa inaambiwa kwamba mtu mzima naye ni mwanafunzi. Wilayani, afisa wa elimu ya watu wazima alikuwa Ndugu Aminieli, Mchagga wa Mwika, mtu wa suruali iliyopigwa pasi na maneno machache. Madarasa yake ya mjini na ya Mabogini, kwenye mashamba ya mpunga, yalijaa. Ya milimani yalikuwa na wanaume wachache na viti. Wanawake hawakuja. Kamati ikaamua litengenezwe bango, lichapwe Dar es Salaam, libandikwe kwenye kila ghala la kahawa kuanzia Marangu hadi Mwika.

Aminieli alikwenda kwa Kishor akitaka picha ya mkono ulioshika kitabu. Kishor akamwambia mikono ya namna hiyo imekwishajaa kwenye kuta, hakuna anayeitazama tena. Akamtoa Sophia chumba cha nyuma, alikokuwa anapamba fremu, akamwomba aonyeshe herufi.

Sophia alichukua kipande cha manila nyeupe, akakata herufi N, akaikwaruza katikati ya kila mguu, akaikunja. Herufi ikasimama juu ya meza kama paa la nyumba, ina mgongo na miteremko miwili. Kishor akawasha taa upande mmoja. Mteremko mmoja ukang'aa, wa pili ukaingia kivulini. Hapakuwa na tone la wino, na herufi ilisomeka kutoka mlangoni. Aminieli aliizunguka meza, akaigusa kwa ncha ya kidole, akasema bango apewe huyu dada.

Maneno yalikuwa mawili: NJOO TUSOME. Herufi zilizonyooka zilikuwa rahisi. Zilizopinda zilimtesa, kwa sababu karatasi haipendi kukunjwa kwa mviringo. S ilimkatalia mpaka akagundua kwamba lazima aikwaruze upande wa juu na wa chini kwa zamu. Nyuma ya herufi alisimamisha kilele cha Kibo kwa karatasi iliyofinyangwa, na migomba yenye majani yaliyochanwa na upepo. Mbele akaweka mkono, na katika mkono kitabu kilichofunguka. Bado aliona kitu kinapungua. Alikumbuka safari zake za kupeleka maua ya harusi milimani, na ule mmea wa majani marefu uliopandwa kila mahali, kandokando ya vihamba, yale mashamba ya migomba ya nyumbani, na kandokando ya mifereji, wa kijani mwaka mzima. Wenyeji wanauita isale. Aliupenda kwa jicho la fundi, kwa kuwa jani lake linakunjika vizuri. Akaotesha masale ya karatasi kutoka katikati ya kurasa.

Siku ya kupiga picha, joto la taa lililegeza jani moja. Likainama mbele ya neno la pili, na kivuli chake kikaikata S kama mtu aliyefuta kosa. Sophia alilinyanyua, likaanguka. Akalinyanyua tena. Mwisho akafanya alivyofanya siku zote kwa utepe mrefu wa harusi: alilipiga fundo, likawa fupi, akaliegemeza kwenye vidole vya ule mkono. Lilikaa vizuri kuliko mwanzo. Kishor alipiga picha, na wote wawili wakaridhika.

Kamati ilikutana ofisini kwa Aminieli. Picha ilizunguka mezani kutoka mkono hadi mkono, na mwenyekiti, mtu wa Tabora, akaisifu. Kisha ikafika kwa wajumbe wawili Wachagga. Walitazamana. Mmoja alicheka puani. Aminieli aliichukua, akaisogeza dirishani penye mwanga.

"Ndugu Sophia," alisema, "hapa unamwombea nani msamaha?"

Sophia hakuelewa. Ikabidi aelezwe mbele ya watu. Milimani, isale linapandwa mpakani na makaburini, na linaheshimiwa. Mtu aliyemkosea mwenzake hulikata jani, hulipiga fundo, hulipeleka au hulituma kwa aliyekosewa. Likishafika, si desturi kulikataa. Kesi za mashamba zilizoshindikana kwa wazee na mahakamani zimekwisha kwa jani moja lililofungwa hivyo. Na sasa serikali, kwa mkono wa karatasi, ilikuwa inawapelekea wanawake wa mlimani jani hilo.

Mwenyekiti alivua miwani. Alisema Chama hakijamkosea mtu. Bango liite watu, lisiwapigie magoti. Mjumbe aliyecheka akaongeza kwamba wanawake wa kwao wataligeuza wimbo. Wakaamua picha irudiwe bila fundo, la sivyo lipigwe bango la kawaida, mkono na kitabu, kama lile la mkoa wa jirani.

Sophia alirudi studio akiwa na uso wa mtu aliyefiwa. Kazi yake ya kwanza ya kubaki ilikuwa inafagiwa kabla haijachapwa. Alifungua fundo, akanyoosha jani, Kishor akawasha taa. Kila mkunjo ulionekana kama ufa.

"Kata jingine," Kishor alisema. "Jani ni jani."

"Nilidhani hivyo hivyo mara ya kwanza."

Safari hii alitaka kuuliza kwanza. Alimwomba Aminieli ampe mtu wa mlimani atakayemwonyesha isale linavyokaa likiwa halina neno. Aminieli alisita, kisha akamwelekeza kwa dada yake mkubwa, Eliona, Mwika. Mjini watu walikuwa na utani wao juu ya jambo hilo: afisa anafundisha wilaya nzima, dada yake anatia dole gumba. Sophia alikuwa ameusikia. Aliifunga picha kwenye kanga akapanda gari la asubuhi.

Alimkuta Eliona nyuma ya nyumba, anakatakata mgomba wa ng'ombe. Alikuwa mwanamke mrefu, mikono imepakwa weusi wa utomvu usiotoka kwa sabuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe umetoka mjini. Viatu vyako vimeshasema."

Alimkaribisha ndani, akampa mtori, akamwacha ale kwanza. Ndipo Sophia akafungua kanga. Eliona aliitazama picha ikiwa mbali. Akatoka nje. Sophia alimsikia akinawa mikono mferejini, muda mrefu. Aliporudi aliipokea kwa mikono miwili.

"Nani amekutuma?"

"Ndugu Aminieli, mama."

Eliona akakaa kwenye kigoda. Alipoanza kusema, alisema taratibu, kwa Kiswahili cha mtu anayekitafuta. Walikuwa wawili shuleni, yeye na Aminieli. Yeye alikuwa mbele, ndiye aliyemwonyesha mdogo wake kushika kalamu. Kisha ng'ombe wakaongezeka, na baba akasema mtoto mmoja akate majani. Hakukuwa na mabishano. Hakuna aliyesema ni nani, kila mtu alijua. Alikata majani mpaka alipoolewa. Aminieli akasoma, akawa mtu. Kila alipopanda kuja kumsalimu alileta sukari na sabuni, na safari hizi za karibuni alileta maneno kwamba aje darasani. "Anataka nikae kwenye benchi lile lile," alisema, "kama vile nililiacha kwa uvivu."

Sophia alijua angeweza kunyamaza. Mbele yake alikuwa na mtu aliyeipokea kazi yake kama hakuna mwingine aliyewahi kuipokea.

"Mama, nisikudanganye. Mdogo wako hakulifunga hilo jani. Nililifunga mimi, kwa sababu lilikuwa linaanguka. Sikujua maana yake. Nimetumwa nije nisahihishe."

Eliona alimtazama, kisha akacheka, kicheko cha chini kilichomtikisa mabega.

"Kosa la kukunja ni lako," alisema. "Lile jingine ni la Aminieli. Isale haliulizwi limebebwa na nani. Mwambie limefika."

Picha hakuirudisha. Aliiingiza nyuma ya kioo kilichokuwa ukutani, akampeleka Sophia mpakani akamwonyesha masale yalivyokaa, akamkatia na mkungu wa ndizi wa kuondokea.

Ujumbe ule Sophia aliufikisha siku ile ile, amesimama, viatu vyake vimejaa udongo mwekundu. Aminieli aliuliza dada yake alisema nini tena. Sophia akamwambia habari ya benchi. Aminieli alifunga mlango wa ofisi yake, na katibu wake akawaambia watu warudi kesho.

Kamati ilipokutana tena, Sophia alikuwa na picha mbili: nakala ya ile ya kwanza, aliyoisafisha Kishor upya, na nyingine ikiwa na jani jipya, safi, lisilo na neno. Mwenyekiti aliipenda hiyo. Aminieli, ambaye kwa kawaida aliwaacha wengine waseme, aliiweka kando.

"Lichapwe la kwanza," alisema.

Mwenyekiti alimuuliza, bila ukali, ni nani basi anayeomba msamaha.

"Mimi. Na mtu yeyote hapa aliyesoma kwa sababu dada yake alikata majani."

Mjumbe aliyecheka mara ya kwanza aliangalia viatu vyake. Mwenyekiti akasema kwamba hata Tabora ng'ombe hawajichungi wenyewe. Wakalipitisha.

Bango lilifika likiwa jeupe juu ya rangi ya kahawia, na likabandikwa kwenye maghala, zahanati na bucha. Kwenye vilabu vya mbege wanaume walilalamika kwamba sasa nani atapika. Wimbo ulitungwa kweli, na wanawake waliuimba wakienda darasani. Hawakuja wote. Mwika walikuja wa kutosha kukaa watatu watatu kwenye benchi, na Eliona alikaa mbele. Kabla ya siku hiyo Aminieli alikuwa amepanda mlima bila sukari wala sabuni, ameshika jani bichi. Waliyozungumza hayakumfikia Sophia, naye hakuuliza.

Ila mwalimu wa darasa lile alipata tabu. Vidole vilivyozoea panga vilishindwa kuiga herufi za chaki, na macho ya wengi yalikuwa yamechoka. Ni Eliona aliyeuliza ziko wapi zile herufi zenyewe, zilizopigwa picha. Sophia alizipandisha zikiwa kwenye sanduku la viatu, zimetengwa kwa pamba. Wanawake walizipokea wakazipapasa, wakafuata mgongo wa N juu na chini, wakazunguka O, wakapotea kwenye S wakachekana. Walifumba macho wakaulizana.

Sophia aliwatazama kutoka mlangoni. Utomvu wa migomba ulikuwa unaingia kwenye manila nyeupe, na miteremko ilikuwa inalala. J ilikuwa imeshavunjika shingo. Mwalimu alimwomba radhi, akasema zingetunzwa kabatini.

"Ziache," Sophia alisema. Akakaa kwenye ncha ya benchi, akatoa kisu na karatasi kwenye mkoba, akauliza waanze na jina la nani.